AKILI YA MZEE INALINDWA TANGU KAZINI

Ndugu mfanyakazi, kila mara tunakukumbusha kulinda mikono, macho na mapafu. Leo tuseme juu ya akili. Mtu anaweza kutumika miaka 30 bila ajali, kisha katika uzee wake akapotea njia ya nyumbani kwake na kusahau majina ya watoto wake.

SI ULOZI

Ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa demansi. Kusahau ufunguo siku moja si demansi. Lakini mzee akirudilia ulizo moja mara nyingi, akishindwa kuhesabu feza kama zamani, na tabia yake ikigeuka, mpelekeni kwa munganga. Kumsingizia ulozi au kumfungia chumbani ni kosa kubwa.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demansi, na zaidi ya 6 kwa 10 wanaishi katika inchi zisizo tajiri. Wanawake wanaipata zaidi, lakini mwanaume wa mine ana hatari zake.

Mwaka 2024, tume ya wataalamu ya jarida Lancet ilihesabu hatari 14. Kama zote zingeondolewa, karibu wagonjwa 45 kwa 100 wangeweza kuepuka demansi au kuipata kwa kuchelewa. Kati yake kuna damu kupanda, ugonjwa wa sukari, tumbako, pombe nyingi na kupigwa kichwani. Nyingine zinatoka katika maisha kati ya watu: masomo machache utotoni, huzuni ya muda mrefu, na kuishi bila wenzako.

KELELE INAFUKUZA MARAFIKI

Kelele ya desibeli 85, saa 8 kila siku, inatosha kuharibu masikio pole pole. Mashine ya kutoboa mwamba inapita hapo. Masikio yaliyoharibika namna hii hayaponi. Asiyesikia vizuri anaona haya kuuliza tena. Anacheka wengine wakicheka, bila kujua sababu. Mwishoni anakaa nyumbani, na ubongo wake unakosa mazungumzo, ambayo ni mazoezi yake. Ndiyo maana kutosikia ni kati ya hatari nzito zaidi katika zile 14.

SIKU YA KUACHA KAZI

Kwa wanaume wengi, marafiki ni watu wa ekipe. Kazi ikiisha, urafiki unaisha pamoja nayo. Wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanakumbuka mpango wa « départs volontaires », ambamo zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kuanzia mwaka 2003. Mtu anayeacha kazi anapoteza mshahara, lakini pia saa ya kuamka, wenzake, na kazi iliyompa heshima. Mwingine anakimbilia lutuku, na hatari inakuwa mbili.

TUFANYE NINI?

– Vaa vizuizi vya masikio na kofia ya kazi wakati wote, hata kama kazi ni ya dakika 5.

– Pimisha masikio, damu na sukari. Usingoje kuumwa.

– Mbele ya pensheni, jiunge na kundi lisilo la kazi: wimbo wa kanisa, likelemba, mchezo wa dame, shamba la pamoja.

– Mama wa nyumba, usimnyang'anye mzee kazi zote. Umwachie bustani na hesabu ya soko, maadamu anaziweza.

– Watoto, msemeni naye uso kwa uso, pole pole, bila kupiga makelele. Mumwombe awafundishe ufundi wake.

– Watoto wote wasome, wasichana na wavulana. Masomo yao ni akiba ya akili ya uzee.

Na wewe ungali kazini: jirani yako aliyepata pensheni, ulimtembelea lini? Jumapili hii pita kwake. Kiti cha pili mbele ya nyumba yake ni dawa isiyouzwa.

USALAMA HAUISHI KWENYE MLANGO WA KAZI!