Mgonjwa ni Amana Yetu Sote

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Tangu hapo tumejifunza kwamba dawa peke yake haitoshi. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6, lakini mgonjwa huanza kuona nafuu baada ya wiki chache tu. Hapo ndipo wengine huacha dawa, na vimelea vikazoea kuzihimili.

Katika zahanati, mpimaji wa makohozi ana kazi yake, mganga yake, na muuguzi yake. Je, mgonjwa asipofika siku yake, nani amfuate nyumbani? Kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda, hakuna aliyekwenda.

Ushauri wetu ni huu: kila asubuhi watumishi wote, pamoja na mhudumu wa afya wa kijijini, wafungue daftari moja, wapitie majina ya wasiofika, na wasiachane kabla haijajulikana nani anakwenda kwa nani. Jambo hili halingoji fedha wala gari. Wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa.