Jasho, Chumvi na Mkakamao wa Misuli

Mkulima aliyekulia katika baridi ya Mufindi, mkoani Iringa, au ya Tukuyu, mkoani Mbeya, hana mazoea ya kutoka jasho jingi. Mtu huyo akishuka kwenda kulima mpunga katika joto la Pawaga, Usangu au Kyela, huweza kupatwa na jambo la kushangaza katika siku za mwanzo. Jioni, baada ya kazi ya kutwa na maji mengi ya kunywa, shavu la mguu hujikaza ghafla, likawa gumu kama jiwe na kuuma vikali. Mwenzake mmoja atamshauri ale ndizi, wa pili alambe chumvi, wa tatu azidi kunywa maji. Je, nani kati yao asikilizwe? Yafaa swali hili lichunguzwe kwa makini, kwa maana shauri moja kati ya hayo, likifuatwa bila kiasi, laweza kuua.

Kwanza ieleweke elektroliti ni nini. Chumvi ya mezani ikiyeyuka katika maji, hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, nazo huitwa ayoni. Maji yenye ayoni hupitisha umeme kwa urahisi, ilhali maji safi kabisa hayaupitishi ila kwa shida. Vitu vinavyoyeyuka kwa namna hiyo ndivyo vinavyoitwa elektroliti. Zilizo muhimu kwa misuli ni zile za sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu.

Katika mwili, potasiamu imejaa ndani ya seli, kwa kipimo kinachozidi mara 30 kile cha nje. Sodiamu, kinyume chake, imejaa nje. Neva inapopeleka amri kwa msuli, milango midogo katika ngozi ya seli hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi, na mkondo wa umeme ukasafiri. Umeme huo hufungua ghala za kalsiamu zilizomo ndani ya msuli, nayo kalsiamu huzifanya nyuzi za msuli zivutane. Ili msuli ulegee, sharti kalsiamu irudishwe ghalani, na kazi hiyo hutumia nguvu. Mkakamao ni hali ya msuli kuendelea kuamriwa uvutane wakati mwenyewe hataki.

Sasa turudi kwenye jasho. Mtu afanyaye kazi ngumu katika joto anaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Kila lita huchukua, kwa kadiri, kati ya nusu gramu na gramu moja na nusu ya sodiamu. Potasiamu inayotoka ni kidogo sana. Mtu asiyezoea joto hutoa jasho lenye chumvi nyingi zaidi. Baada ya wiki moja au mbili, homoni iitwayo aldosteroni, itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, huzifundisha tezi za jasho kuizuia sodiamu isipotee. Hii ni sababu mojawapo inayomfanya mwenyeji wa bondeni astahimili kazi inayomlemea mgeni wa milimani.

Mwaka 1923, mtafiti K. Neville Moss wa Uingereza alieleza habari za wachimbaji wa makaa ya mawe waliofanya kazi katika migodi yenye joto. Walitoka jasho jingi, wakanywa maji matupu kwa wingi, na misuli yao ikakakamaa. Kuongeza chumvi katika maji yao kulisaidia. Tangu hapo watu wengi waliamini kwamba kila mkakamao hutokana na upungufu wa chumvi.

Uchunguzi wa baadaye haukuunga mkono imani hiyo kwa ukamilifu. Huko Afrika Kusini, mwaka 2004, Martin Schwellnus na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vya damu vya wakimbiaji wa mbio ndefu. Waliokakamaa misuli na wasiokakamaa hawakutofautiana kwa elektroliti kiasi cha kueleza tatizo. Kwa hiyo wataalamu wengi sasa huona kwamba mikakamao mingi ya mazoezi hutokana na uchovu: neva ya msuli uliochoka huzidi kuchochewa, na breki yake ikalegea. Ndiyo maana tiba ya haraka ni kuunyoosha msuli. Ikiwa ni shavu la mguu, goti linyooshwe na vidole vya mguu vivutwe taratibu kuelekea usoni.

Basi washauri wetu watatu wapewe hukumu yao. Ndizi, ambazo Rungwe imejaliwa kuwa nazo tele, ni chakula bora chenye potasiamu, lakini si potasiamu iliyopotea kwa wingi katika jasho, wala ndizi haiwezi kutuliza msuli papo hapo. Chumvi humfaa yule aliyetoka jasho jingi kwa saa nyingi, hasa akiwa mgeni wa joto. Hata hivyo, haimpasi kuilamba kwa kiganja. Uji au mboga iliyotiwa chumvi humtosha. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ya figo asiongeze chumvi bila kumwuliza daktari.

Shauri la hatari ni lile la kuzidi kunywa maji bila kipimo. Maji mengi kupita kiasi huizimua sodiamu ya damu, ubongo ukavimba, na mtu akaweza kufa. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu, asilimia 13 walikutwa na sodiamu pungufu. Ni vema kunywa kadiri kiu inavyodai.

Hali ni nyingine kabisa kwa mgonjwa wa kipindupindu. Yeye hupoteza maji na chumvi kwa lita nyingi, na misuli yake hukakamaa kwa sababu hiyo hasa. Huyo apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vyote vya msawazo, kisha apelekwe hospitali. Sukari husaidia utumbo kuinyonya sodiamu. Vilevile, mtu mwenye jeraha ambaye taya zake zinakaza asidhaniwe kuwa amepungukiwa chumvi. Huenda ni pepopunda, nayo haingoji.

Kwa mkulima ashukaye bondeni, kinga iliyo bora haiuzwi dukani. Aanze kwa saa chache za kazi, aongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, apumzike kivulini jua linapokuwa kali, na ale chakula chake chenye chumvi ya kawaida. Mwili hujifunza joto ukipewa nafasi.