Rafu Tupu Zilisema Kabla ya Bodi

Mteja aliyeingia duka kuu la Uchumi jijini Nairobi mwaka 2015 hakuhitaji shahada ya uhasibu kujua kwamba mambo yameharibika. Macho yalitosha. Bidhaa zilipungua rafuni wiki baada ya wiki, kwa sababu waliozileta walichoka kudai pesa zao wakaacha kuleta. Kwa familia za Buruburu, Umoja na Donholm, mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hiyo haikuwa habari ya kusoma gazetini. Uchumi lilikuwa duka la mwisho wa mwezi, na tawi lilikuwa palepale Buruburu. Kwa baadhi yao lilikuwa pia mali: walikuwa na hisa.

Ukitaka kuelewa kwa nini mwekezaji mdogo wa Eastlands hukunja uso kampuni inayoyumba inapomwomba pesa zaidi, anzia hapo.

Kuna wakati mwekezaji huyo alikuwa na imani tele. Mwaka 2006 serikali iliuza sehemu ya hisa za kampuni ya umeme ya KenGen kwa shilingi 11.90 moja, na siku ya kwanza sokoni bei ikaruka zaidi ya maradufu. Habari ilienea mitaani kama moto wa nyika. Walimu, makarani, mafundi wa Jogoo Road na wauzaji wa Gikomba wakafungua akaunti za CDS, za kuwekea hisa. Vyama vya akina mama vilivyozoea kununua ploti na viti vya kukodisha vikaanza kuzungumza juu ya gawio. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipokuja mwaka 2008 kwa shilingi 5 hisa moja, kima cha chini kikiwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, waliojitokeza walipita laki nane. Wapo waliochukua mkopo wa sacco ili wasipitwe.

Wengi walipata sehemu ndogo tu ya hisa walizoomba, na haukupita mwaka kabla bei haijashuka chini ya shilingi 3. Mwezi uleule wa Machi 2008 uuzaji wa Safaricom ulipofunguliwa, kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi. Francis Thuo & Partners ilikuwa imeanguka mwaka mmoja kabla. Wateja waligundua kwamba mtu waliyemkabidhi hisa zao anaweza kuporomoka nazo. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji ulikuwepo, lakini kikomo chake kilikuwa shilingi 50,000 kwa mtu, na haukumfidia mtu kwa sababu tu bei ya hisa imeshuka.

Basi somo la kwanza lilihusu madalali. La pili, lililouma zaidi, lilihusu bodi.

Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992. Mwaka 2005 iliwaomba wenyehisa wake pesa za nyongeza, wakatoa. Mwanzoni mwa Juni 2006 maduka yakafungwa na kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeiendesha kwa niaba ya wadai. Wiki chache baadaye yakafunguliwa tena chini ya uongozi wa Jonathan Ciano, na kwa miaka kadhaa Uchumi ikawa hadithi ya maiti aliyefufuka. Urasimu uliondolewa mwaka 2010, na Mei 2011 hisa zikarudi sokoni. Kampuni ikapanua biashara yake Uganda na Tanzania.

Mwishoni mwa 2014 ikaja tena na kapu lake. Iliwauzia wenyehisa hisa za nyongeza kwa shilingi 9 moja, ikakusanya karibu shilingi milioni 900. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo. Watu waliokuwa wamefungiwa nje mwaka 2006 walifungua pochi mara ya pili, maana kampuni ilikuwa ikitangaza faida.

Miezi sita baadaye, Juni 2015, bodi ilimfuta kazi Ciano pamoja na mkuu wa fedha. Oktoba mwaka huohuo maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2015 ulikuwa na hasara ya takribani shilingi bilioni 3.4. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ilichunguza jinsi zile hisa za 2014 zilivyouzwa na kuwachukulia hatua baadhi ya waliohusika. Mwaka 2020 wadai walikubali mpango wa kulipwa sehemu tu ya walichokuwa wakidai. Hisa ya shilingi 9 ikawa ya kuhesabiwa kwa senti.

Katika mkasa huo kuna jambo ambalo wachambuzi wa mjini hulipita haraka. Mnunuzi wa Buruburu alikuwa na habari ambayo kitabu cha hesabu hakikumpa. Aliona rafu. Aliyekuwa na jamaa dereva wa lori la kuleta maziwa au mkate alisikia kwamba hundi hazilipwi. Mumias ilikuwa hivyohivyo: kabla benki ya KCB haijamweka meneja mrasimu katika kampuni hiyo ya sukari Septemba 2019, wakulima wa miwa walikuwa wamekaa muda mrefu bila malipo, ingawa serikali ilikuwa imetia mabilioni ya shilingi. Wenyehisa walionunua tangu kampuni ilipoingia sokoni mwaka 2001 waliona hisa zao zikisimamishwa kuuzwa. Mtu asiyelipwa ndiye mkaguzi wa kwanza wa hesabu, ila yeye haandiki ripoti.

Si kila kampuni ina rafu ya kuchungulia. Kampuni ya kutafiti dawa au vipimo vya maabara inaweza kukaa miaka kumi bila kuuza chochote, ikila pesa za wawekezaji na kutoa ahadi. Hapo mwenyehisa hana dirisha. Anaitegemea bodi tu, na bodi yenyewe inaweza kuwa imepambwa kwa majina. Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes, ilidai inaweza kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu. Katika bodi yake walikaa Henry Kissinger na George Shultz, waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje, na Jenerali James Mattis. Wote walikuwa watu wazito, lakini kuzijua siasa za dunia si kujua mashine ya damu. Kampuni ilifikia kukadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 9. Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji Januari 2022, na mwezi Novemba akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Theranos haikuwa hata kwenye soko la hisa. Waliopoteza pesa zao walikuwa matajiri wenye mawakili.

Mkazi wa Kayole mwenye hisa 500 akijiona mjinga kwa kudanganywa, na akumbuke hao.

Lakini kisa kinachozungumzwa zaidi Eastlands ni cha Kenya Airways, au KQ, kwa kuwa ndege hizo ni za jirani. Makao makuu yako Embakasi, na wafanyakazi wake wengi wamepanga au kujenga kuanzia Fedha hadi Donholm. Hisa zilipouzwa kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25, kununua kulikuwa na ladha ya uzalendo. Mwaka 2012 kampuni iliwarudia wenyehisa ikitaka zaidi ya shilingi bilioni 20 kwa mpango mkubwa wa kuongeza ndege na safari. Ikapata bilioni 14.5, kwa shilingi 14 hisa moja. Kisha mwaka ulioishia Machi 2015 ukaleta hasara ya bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2. Bunge la Seneti liliunda kamati ya kuchunguza.

Dawa iliyopatikana mwaka 2017 iliiokoa kampuni lakini ikammeza mwenyehisa mdogo. Deni liligeuzwa kuwa hisa: serikali ikabaki na asilimia 48.9, kampuni ya benki zilizokuwa zikidai ikapata asilimia 38.1, na shirika la ndege la KLM asilimia 7.8. Jumlisha tatu hizo upate 94.8. Katika kilichobaki, wafanyakazi nao walitengewa fungu lao. Hata wenyehisa wote wa Eastlands wangepanda matatu kwenda mkutanoni na kupiga kura kwa sauti moja, wasingetikisa azimio lolote, kwa sababu hapo kura huhesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Julai 2020 hisa za KQ zikasimamishwa sokoni kwa bei ya shilingi 3.83, na zikakaa hivyo hadi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mtu aliyetaka kuuza ili alipe karo alikuwa na mali asiyoweza kuigusa.

Chama cha mtaani hakiendeshwi hivyo. Mweka hazina huketi mbele ya wanachama, daftari husomwa kwa sauti, na asiyeelewa huuliza papo hapo. Akitoroka, anajulikana kwao ni wapi. Huko pia watu huibiwa, na hata muungano wa vyama vya ushirika, KUSCCO, uligunduliwa kuwa na pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Hata hivyo aliyelelewa na chama hujifunza kuuliza swali moja kwanza: pesa ziko wapi? Swali hilohilo likiulizwa kwenye mkutano mkuu wa kampuni, mara nyingi hujibiwa kwa picha za kupendeza ukutani.

Kwa miaka mingi mikutano hiyo yenyewe ilikuwa na sifa ya soda, chakula cha pakiti, fulana na mwavuli. Wazee walifika mapema, wakatia saini, wakachukua mfuko wao na kuondoka kabla hesabu hazijafika katikati. Wakubwa walicheka, lakini mzee alikuwa amepiga hesabu yake: gawio halipo, kura yake haihesabiki, mwavuli angalau utamkinga mvua. Tangu janga la korona mwaka 2020 mikutano mingi ilihamia mtandaoni na kwenye simu. Mwavuli umepotea. Kilichopatikana ni kwamba mtu anaweza kutuma swali kabla ya kikao, na swali lililoandikwa si rahisi kulinyamazisha kwa makofi.

Sheria nazo zimekaza kidogo. Kanuni za uongozi bora za CMA zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe ya wakurugenzi huru, na aliyekaa zaidi ya miaka tisa hahesabiwi tena kuwa huru. Mwenyekiti na mkurugenzi mkuu hawatakiwi kuwa mtu mmoja. Kampuni inayoona faida yake itashuka kwa robo au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia inalazimika kuutangazia umma mapema. Kasoro ni kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizo humruhusu asiyezifuata kutoa maelezo, na maelezo yana maana pale tu kuna anayeyasoma.

Shaka pia ina gharama. Waliotupa hisa zao za Safaricom kwa hasira mwaka 2009 hawakuwepo bei ilipopita shilingi 40 mwaka 2021, na waliovumilia walikuwa wamepokea gawio miaka yote hiyo. KQ nayo ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Waliosema ndege zimefufuka wakanyamazishwa katikati ya 2025, hasara ya nusu mwaka ilipopita bilioni 12 huku baadhi ya ndege kubwa zikiwa zimeegeshwa. Kumshuku kila mtu na kumwamini kila mtu vina kasoro moja: vyote viwili humwondolea mtu kazi ya kusoma.

Na kazi hiyo si kubwa kama inavyotishwa. Ripoti ya mwaka inaweza kuwa na kurasa mia mbili, nyingi za picha na barua za wakubwa, lakini nne hivi zatosha kuanzia. Ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu unaonyesha kama faida iliyotangazwa imeingia benki au imebaki wino. Maoni ya mkaguzi huwa na sentensi inayosema kama anatilia shaka uwezo wa kampuni kuendelea kuwepo. Ukurasa wa miamala na watu wa karibu unataja biashara kati ya kampuni na wakurugenzi wake. Ule wa wadai unaonyesha kama deni kwa wanaoleta bidhaa linavimba kuliko mauzo. Huo wa mwisho ndio rafu tupu ya Buruburu iliyoandikwa kwa tarakimu.

Kwa hiyo msomaji mwenye hisa, hata kama ni mia tano tu: mwaliko wa mkutano ujao ukiingia kwenye simu yako, usiufute. Kama kampuni inaomba pesa za nyongeza, tuma maswali mawili kabla ya siku ya kikao. Pesa za mara ya mwisho zilifanya nini, shilingi kwa shilingi? Na wanaoiletea kampuni bidhaa wanalipwa baada ya siku ngapi? Uombe jibu kwa maandishi, na lisipokuja kabla ya tarehe ya mwisho ya kununua, usinunue.