Joto la Oili: Kwa Nini Ndege Ndogo Husubiri Kabla ya Kuruka

[MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 10, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Kwenye viwanja vidogo vya ndege, watu wanaosubiri dawa au wanaosindikiza mgonjwa huuliza: mbona rubani amewasha injini halafu amekaa tu? Na mbona wakati mwingine anaruka, kisha anarudi? Jibu moja liko kwenye geji ndogo iliyo mbele yake: geji ya joto la oili.

Tuchukue Cessna 172, ndege ya injini moja ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanza nayo. Gari lina maji kwenye rejeta. Injini ya ndege hii haina maji. Inapozwa na upepo unaopita kwenye silinda, pamoja na oili. Kwa hiyo oili ina kazi mbili: kulainisha vyuma vinavyosuguana, na kubeba joto kulipeleka kwenye rejeta yake ndogo.

[MLIO WA INJINI, SEKUNDE 5]

Oili ikiwa baridi ni nzito, haifiki haraka kila mahali. Kwenye Cessna 172S, alama ya kijani ya geji inaanzia nyuzi 38 za Selsiasi. Ndiyo maana rubani anasubiri. Tena, injini isipopata moto wa kutosha safarini, unyevu unabaki ndani ya oili na kuleta kutu.

Oili ikizidi moto inakuwa nyepesi kama maji. Presha inashuka, vyuma vinagusana, na injini inaweza kukwama angani. Kwenye ndege hiyo mstari mwekundu uko nyuzi 118.

Hatari kubwa iko wakati wa kupanda. Injini inafanya kazi kwa nguvu zote, lakini ndege inakwenda polepole, kwa hiyo upepo wa kupoza ni kidogo. Hapa kwetu Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haipozi vizuri kama ya pwani.

Rubani anafanya nini? Kwanza, kabla ya safari anapima kiasi cha oili, maana ikipungua inapata moto upesi. Anaangalia pia kama rejeta imezibwa na majani au kiota cha ndege wa porini. Akiwa chini, anaelekeza pua ya ndege kwenye upepo. Akiwa angani, joto likipanda, anashusha pua kidogo ili kuongeza mwendo, na anapunguza nguvu ya injini. Lakini akiona joto linapanda huku presha ya oili inashuka, hangoji tena. Anatafuta mahali pa kutua mapema.

Ndugu zangu wa boda boda, hili mnalijua: pikipiki nyingi nazo hupozwa na upepo na oili. Tofauti ni kwamba nyinyi mnaweza kusimama kando ya barabara.

Basi, msikilizaji, ukimwona rubani anasubiri, usimharakishe. Na akirudi na mzigo wako, usimlaumu. Dawa zilizochelewa siku moja bado zinaweza kufika.



[MUZIKI WA KUFUNGA]