Mwanao anataka kujitengenezea spika za masikioni? Kaa naye mezani

Spika za masikioni wanazouza machinga kwa shilingi elfu tatu au elfu tano zina umbo moja kwa watu wote. Masikio hayako hivyo. Hata la kulia na la kushoto la mtu huyohuyo mara nyingi hayalingani. Ndiyo maana kijana anatembea ameshikilia upande mmoja usidondoke, na akipanda daladala anaongeza sauti, kwa sababu muungurumo wa injini na kelele za kondakta zinampenyea pembeni.

Video zinazoonyesha namna ya kujitengenezea spika zinazokaa sawasawa na sikio lako ziko tele mtandaoni. Mzazi anaingia sebuleni anamkuta mtoto wa kidato cha pili amekaa kimya, kibonge cha silikoni kimemjaa sikioni. Wengi watagomba kwanza, na hofu hiyo ina sababu.

Hata hivyo wazo si baya, na likifanywa vizuri linaweza hata kumlinda mtoto. Kinachotakiwa ni silikoni kubaki sehemu ya nje ya sikio, ile iliyobonyea kama kibakuli, isiingie kwenye tundu.

Spika za namna hii zilipata umaarufu jukwaani. Mwaka 1995 fundi sauti wa Marekani, Jerry Harvey, aliyekuwa akifanya kazi na bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma wao, Alex Van Halen, spika ndogo za kuingia masikioni. Mpiga ngoma anakaa katikati ya kelele, na spika kubwa za kumrudishia sauti zinaongeza kelele juu ya kelele. Sikio likizibwa barabara, kelele za nje zinapungua na muziki unasikika bila kupandishwa sana. Harvey alianzisha kampuni ya Ultimate Ears, na leo spika kama hizo huonekana masikioni mwa wasanii hata kwenye matamasha ya Bongo Fleva.

Kwa mzazi, faida iko hapo hapo: kijana anayesikia vizuri hana sababu ya kupandisha sauti hadi mwisho.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki. Kiwango linachoshauri kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu, kwa hiyo mtoto anayesikiliza kwa desibeli 84 ana saa 5 tu kwa wiki nzima. Daladala iliyojaa, redio ikiwa juu, inaweza yenyewe kukaribia desibeli 80. Mtoto anayetaka muziki wake ushinde kelele hizo amepita kiwango kabla hajashuka kituoni.

Namna ya kufanya

Njia iliyo salama zaidi nyumbani haihitaji kufungua spika wala kugusa nyaya. Chukua spika za waya zinazofanya kazi, zenye vipira vyake laini vya mbele. Tafuta silikoni ya kukanda iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kutengenezea viziba masikio. Huuzwa ikiwa vibonge viwili vya rangi tofauti. Unachukua kiasi sawa cha kila kimoja, unakanda mpaka rangi iwe moja, na baada ya hapo huna muda wa kupoteza, kwa sababu inaanza kuganda ndani ya dakika moja au mbili. Fuata maelezo ya pakiti, maana hazifanani.

Mtoto aivae spika kwanza kama kawaida, kipira kikiwa mlangoni mwa tundu. Kisha silikoni izungushwe kuizunguka spika na kubonyezwa taratibu ijaze kile kibakuli. Kipira chenyewe ndicho kinachozuia silikoni isiingie ndani, kwa hiyo kisitolewe hata kama video imesema hivyo. Asiongee wala kutafuna, kwa sababu taya likicheza na umbo la sikio linabadilika. Kwa aina nyingi dakika 10 hadi 15 zinatosha. Itolewe kwa kuizungusha kidogo kuelekea mbele, si kwa kuivuta kwa waya.

Mambo mawili huwashinda wengi mara ya kwanza. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki laini, hivyo ipitishwe hadi nyuma ya spika iikumbatie. Na spika nyingi zina kitundu kidogo cha hewa ubavuni. Kikizibwa, besi inaharibika na kijana atalalamika kwamba kazi yote ni bure. Zile zisizo na waya ziachwe kabisa, maana zina betri ndani ambayo haitakiwi kutobolewa wala kupashwa moto.

Visivyotakiwa karibu na sikio

Silikoni ya mafundi wa vioo na aluminiamu ni rahisi kupatikana, na ndiyo ya kuogopwa. Ile ya kawaida inapokauka hutoa asidi inayonuka kama siki, na haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Supagluu, araldaiti na kimiminika chochote cha kumwaga sikioni navyo marufuku.

Wataalamu wa usikivu huchukua umbo la tundu lote la sikio, lakini wao hulichungulia kwanza kwa taa, kisha huweka kizuizi cha sponji chenye uzi ndani kabisa, ndipo wanapoingiza silikoni. Hata hivyo, majarida ya kitabibu yameripoti wagonjwa ambao silikoni ilipita kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka ikagandia ndani, ikabidi wafanyiwe upasuaji. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyewahi kutokwa usaha masikioni, anayeumwa sikio sasa, au aliyewekewa mirija masikioni, asifanyiwe zoezi hili nyumbani.

Kwa watoto wa shule ya msingi haifai hata kidogo. Masikio yao bado yanakua. Watoto wadogo wanaotumia mashine za kusikia hubadilishiwa vikalio vya sikio mara kwa mara, kwa kuwa vinalegea.

Kazi ikiisha, sauti ipangwe nyumbani kukiwa kimya. WHO inashauri isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na simu nyingi zina mpangilio wa kuweka ukomo. Kijana akipanda gari asiiguse tena. Akiongeza kama zamani, silikoni haijamsaidia kitu, na pengine imemwongezea hatari, kwa sababu sasa sauti yote inaishia ndani. Njiani azivue. Sikio lililozibwa vizuri halisikii honi ya bodaboda inayotokea nyuma.

Zifutwe kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, na asimwazime rafiki. Mtoto akianza kusikia mlio masikioni baada ya muziki, au akiuliza "umesemaje?" kila mara, apelekwe hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo.

Na ikitokea kipande kimekatika kikabaki sikioni, hakuna kutafuta pini ya nywele, kijiti cha kiberiti wala maji ya kusukumia. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, pamoja na pakiti ya silikoni, ili daktari ajue anatoa kitu gani.