Mizunguko Miwili kwa Mkono

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, puli ya chini yenye meno 20 hushika na kuachia meno 1,000 ya mkanda wa taimingi kila sekunde. Juu yake kamshafti, shafti inayofungua valvu, inakwenda nusu ya mwendo huo, na kila valvu inafunguka na kujifunga mara 25 katika sekunde hiyohiyo. Mzigo wote huo umebebwa na mkanda wa mpira ambao upana wake hauzidi vidole viwili. Kuubadilisha nyumbani kunawezekana kwa mtu mwenye spana, subira na kitabu cha injini yake, ila aelewe kwanza kwa nini mkanda huo una meno.

Injini hufanya kazi kwa hatua nne: pistoni inashuka na kuvuta hewa, inapanda na kuibana, mlipuko unaisukuma chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Imepanda mara mbili, imeshuka mara mbili. Hiyo ni mizunguko miwili kamili ya krenki shafti, ile inayobeba puli ya chini. Lakini valvu ya hewa inatakiwa ifunguke mara moja tu katika hatua zote nne, na ya moshi vilevile. Ndiyo maana puli ya kamshafti ina meno 40 pale ambapo ya chini ina 20. Sasa piga hesabu. Mzunguko una nyuzi 360. Zigawe kwa meno 20, unapata 18. Ukikosea jino moja wakati wa kufunga, valvu zinawahi au zinachelewa kwa nyuzi 18 za krenki shafti. Gari litawaka kwa shida, litakosa nguvu mlimani, litakunywa mafuta, na mwenyewe ataanza kununua plagi na pampu akitafuta ugonjwa usiokuwa huko.

Mkanda ukikatika kabisa, yatakayofuata yanategemea umbo la injini. Kwenye 4A-FE, ile ya lita 1.6 iliyofungwa kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, pistoni ikifika juu kabisa bado haiifikii valvu iliyobaki wazi. Gari linazimika, linavutwa hadi nyumbani, linafungwa mkanda mpya na safari inaendelea. Kwa Land Cruiser yenye 1HZ, dizeli ya silinda sita inayopeleka wagonjwa, watalii na chanjo mpaka vijiji vya mbali, habari ni nyingine. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa mpaka iwe ya moto kiasi cha kuunguza mafuta yenyewe, na 1HZ inaibana zaidi ya mara 22. Ili ifike hapo, pistoni inapanda mpaka karibu iguse silinda hedi, na valvu iliyo wazi haina pa kukimbilia. Kamshafti ikisimama ghafla, pistoni zinazigonga valvu na kuzipinda, na gharama ya mkanda inageuka kuwa gharama ya kufungua injini nzima.

Toyota waliliona hilo, wakaweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya magari hayo. Kwa kawaida huwaka baada ya kilomita 100,000. Wengi hudhani taa hiyo imeuona mkanda umechoka. Haiuoni, inahesabu kilomita tu. Na kilomita, kwa maoni yangu, ni kipimo kibovu kwa magari ya mijini kwetu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza kilomita 100,000 kwa saa 2,000 za injini. Linalotambaa kwenye foleni kwa kilomita 20 kwa saa huhitaji saa 5,000 kufika palepale, na saa zote hizo mkanda unazunguka kwenye joto. Gari la foleni lisisubiri taa.

Joto ndilo adui mkubwa, na oili ni wa pili. Mnyororo wa taimingi huishi ndani ya oili, mkanda unaiogopa. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ilipotoa gari lake la 1004 mwaka 1962, la kwanza kuuzwa likiwa na mkanda wa meno wa kuendesha kamshafti, faida ilikuwa ukimya, wepesi na bei nafuu. Ndani ya mpira mna nyuzi za kioo, kwa sababu kioo hakirefuki kikivutwa, na juu ya meno kuna kitambaa cha nailoni cha kupunguza msuguano. Lakini kioo hicho hicho kikikunjwa sana huvunjika. Kwa hiyo mkanda mpya usiukunje, usiusokote, wala usiusukume kwa bisibisi ili uingie kwenye puli. Unaweza kuuharibu kabla haujafanya kazi hata dakika moja, na kwa nje usionyeshe alama yoyote.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa waya hasi wa betri na kuegemeza gari kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika tano. Ukishatoa mikanda ya nje na kifuniko cha juu, geuza krenki shafti kwa spana mpaka silinda namba moja ifike juu kabisa. Hapa ndipo wengi hupotea. Alama ya puli ya chini hupita kwenye sifuri mara mbili katika hatua nne, mara moja pistoni ikibana hewa na mara moja ikitoa moshi. Alama ya kamshafti ndiyo itakayokuambia uko kwenye ipi, kwa hiyo zote mbili lazima zikae mahali pake. Zipige picha kwa simu, uziwekee rangi.

Bolti ya puli ya chini hukaza sana. Wako wanaoilegeza kwa kuegemeza spana chini na kupiga stata. Spana hiyo inaweza kuruka na kukuvunja mkono. Tumia kishikio cha puli na bomba refu. Mkanda ukishatoka, kamshafti na krenki shafti zisiguswe tena, hasa kwenye dizeli. Angalia sili za oili, na zungusha beringi ya tenshena, yaani kile kinachokaza mkanda, kwa kidole: ikikwaruza au ikilia, ibadilishe. Kama pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huohuo, ibadilishe pia, maana kuifikia siku nyingine ni kurudia kazi yote.

Ukifunga mkanda mpya, anza na upande usio na tenshena na uvute usibaki na ulegevu. Achia springi ya tenshena isukume yenyewe. Kisha, kabla ya kukaza bolti yake, geuza krenki shafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, kuelekea upande injini inakozunguka. Miwili, kwa sababu mmoja unaishia nusu ya kazi ya kamshafti. Mizunguko hiyo inayakalisha meno yote na kuusukuma ulegevu wote uende kwenye tenshena. Ukihisi kitu kigumu kinagoma, simama hapo hapo. Huenda pistoni imekutana na valvu, na nguvu ya mkono wako bado haijaipinda. Stata isingekusubiri. Alama zikirudi mahali pake, kaza tenshena kwa kipimo cha kitabu. Zikipishana jino moja, fungua uanze upya.

Mwisho andika tarehe na kilomita kwenye stika, uibandike kwenye kifuniko. Gereji za Japani hufanya hivyo, na magari mengi tunayoletewa bado yana stika hizo. Ukinunua gari ukakuta dashibodi inaonyesha kilomita chache kuliko zilizoandikwa pale, ujue mita imerudishwa nyuma. Mkanda wa gari hilo ubadilishe wiki hiyohiyo.