Safari ya Nchi ya Hekaya: Jinja, Mbale na Njia Iliyo Baina Yake

Katika mji wa Orlando, jimbo la Florida huko Marekani, tangu tarehe 18 Juni 2010 pamekuwapo kijiji ambacho hakikuwahi kukaliwa na mtu, kilichojengwa kufuata hekaya za Harry Potter zilizotungwa na Bibi J. K. Rowling wa Uingereza. Mapaa yake yamepakwa theluji isiyoyeyuka katika jua kali la Florida, juu yake imesimama ngome ya wachawi, na madukani huuzwa kinywaji chenye povu ambacho kwanza kilinywewa kitabuni kabla ya kunywewa na binadamu. Jamaa zetu walioko Marekani, ambao hutuletea picha zao wamevaa majoho meusi, watakueleza kwamba mtu haendi huko kwa pupa: huchagua mwezi, huamka alfajiri ili azitangulie foleni, na huuliza mapema ni tiketi ipi itakayomruhusu kupanda lile gari moshi linalounganisha bustani mbili, kwani mwenye tiketi ya bustani moja hulitazama likipita. Hakuna anayemcheka kwa hadhari hiyo. Lakini mtu huyo huyo, akija kwetu mashariki mwa Uganda, aghalabu huamka Jumamosi, akajitupa ndani ya gari, akadhani kwamba maajabu yatakuwa yamesimama kando ya barabara yakimngojea.

Ama hakika, nchi hii iliyo baina ya Jinja na Mbale inahitaji matayarisho makubwa kuliko yale ya Orlando, kwa sababu iliyo dhahiri. Kule hekaya ilitangulia, kisha pakajengwa mahali pa kuitia, na kila kitu kimeandikiwa kibao. Huku mahali palikuwapo tangu azali, hekaya ikazaliwa humo kidogo kidogo vinywani mwa watu, wala hapana kibao kinachoisimulia yote. Basi asiyeisikia kabla ya kufika ataona maji na mawe, atapiga picha, na atarudi kwao akisema kwamba amechoka. Rai yangu ni kwamba msafiri aanze kwa kutafuta masimulizi, na fedha ya nauli aitafute baadaye.

Jinja iko kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Kampala, na njia yake hupita msitu wa Mabira, ambamo kwenye soko la Najjembe wauza kuku wa kuchoma na ndizi za gonja hulikimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Ukisha kuvuka daraja jipya la kamba za chuma, lililofunguliwa Oktoba 2018, unapaswa kuwa umekwisha kuamua unataka ukingo upi wa Naili, maana wengi huamua wakiwa tayari wameupita. Ukingo wa magharibi ndiko uliko mnara wa Speke, Mwingereza aliyefika tarehe 28 Julai 1862, akayatazama maji yakitoka katika ziwa, akayapa maporomoko jina la bwana mmoja wa kwao, Ripon, kana kwamba hayakuwa na jina. Ukingo wa mashariki, ulio upande wa mjini, ndiko ziliko bustani na mashua, na ndiko lilipo sanamu la Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimiminwa katika mto huu mwaka 1948.

Maporomoko ya Ripon hutayaona. Yalizama wakati wa bwawa la Owen, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Aprili 1954, na hata ile alama iliyowekwa mahali panapodaiwa kuwa ndipo chimbuko lenyewe ilimezwa na maji pindi ziwa lilipopanda mwaka 2020 kupita kipimo cha mwaka 1964. Mashua hukupeleka mpaka hapo maji yanapochemka kwa chini kama kwamba yanavuta pumzi, nahodha huzima mashine, naye akimwona abiria mtu mzima amesimama ili atazame vizuri, humwambia kwa adabu, “Mzee, tafadhali kaa katikati, mto hauna heshima.” Naye mzee hujibu, “Haya, mwanangu,” akakaa. Ni safari fupi, na wenye mashua hupatana bei na kila mtu kwa kadiri ya viatu vyake. Basi patana kabla ya kupanda, wala usione haya.

Lakini moyo wa hekaya ya Jinja uko chini kidogo ya hapo, kwa kuufuata mto, mahali paitwapo Bujagali. Wasoga husimulia kwamba katika maporomoko yale alikaa mzimu mkuu, naye huchagua kiti chake miongoni mwa watu. Anayechaguliwa huitwa kwa jina lilo hilo la Bujagali, na huwadhihirishia wenziwe kwamba hakujipachika cheo kwa kuyavuka maji yaliyochafuka akiwa ameketi juu ya kipande cha nguo ya gome la mti. Tafakari hapo: mtu hapewi fimbo wala ngome, ila gome jepesi, na chini yake mto wenye nguvu ya kuvunja mashua. Mtunzi wa Kizungu angeyapata haya katika ndoto yake angeyauza duniani kote. Kwa Wasoga hayakuwa ndoto, bali ilikuwa dini. Watu walikuja hapo kuomba uzazi, mvua na salama, na mwenye kiti alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye nyumba na watoto.

Kisha ukaja umeme. Ujenzi wa bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, ulianza mwaka 2007 na bwawa likafunguliwa rasmi Oktoba 2012, na katika mwaka 2011 maporomoko yalikwisha kufunikwa. Kabla ya hapo pakawa na jambo ambalo sijui kama limepata kuandikwa katika hesabu za wahandisi wa nchi nyingine: fedha za mradi zikagharimia matambiko ya kuihamisha mizimu. Waganga walikuja, ngoma zikapigwa, wanyama wakachinjwa. Lakini yule aliyekuwa kiti cha Bujagali akashikilia kwamba mzimu wake si mpangaji wa kupewa notisi, wala hauhamishiki. Basi mzuru wa leo anaposimama ukingoni huona ziwa tulivu, zuri kwa mitumbwi na kwa machweo, nalo limeyafunika maporomoko ambayo watu wengine husadiki kuwa mwenyewe bado yumo. Siijui sehemu nyingine ya matembezi ambayo kitu kikubwa kuliko vyote ni kile kisichoonekana. Na ndiyo maana nasema, mtafute mzee wa hapo akusimulie, umpe heshima yake na kitu cha kunywa, kabla hujapanda mtumbwi.

Wapendao kutishwa na maji bado wana mahali pao. Mchezo wa kushuka mto kwa mipira ya kupuliza ulianza hapa mwaka 1996, na baada ya Bujagali kuzama waendeshaji wakahamia chini ya bwawa, wakielekea Itanda, ambako mto hupasuka juu ya majabali kwa kishindo kinachosikika kabla ya kuonekana. Bwawa jingine, la Isimba, lililofunguliwa mwaka 2019, limeipunguza njia hiyo kwa upande wa chini. Asiyejua kuogelea aseme kweli mapema. Hapo si mahali pa kuficha.

Mintarafu ya majira, Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya afadhali, ikifuatiwa na Juni na Julai. Jinja huvumilia mvua, bali kwa Mbale na mlima wake mvua haifanyi mchezo. Usiku mmoja mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na kuua watu. Na huko Bududa, katika miteremko ya Mlima Elgon, ardhi iliporomoka Machi 2010 na tena Oktoba 2018 ikafunika vijiji. Basi msafiri akiambiwa na mwenyeji kwamba leo njia ya mlimani haifai, asibishane naye kwa kuwa amekwisha kulipia chumba.

Kutoka Jinja hadi Mbale ni kama kilomita 150, kwa kupita Iganga, kisha kushika njia ya Namutumba na Tirinyi, katika tambarare za mpunga na matete. Wengi hulala garini katika kipande hiki, nao hukosa jambo. Masimulizi ya Busoga yanasema kwamba Mukama, mwindaji na mtawala, alitokea upande wa Mlima Elgon akashika njia ya magharibi akiwa na mbwa wake, akiacha watoto kila alipotua, na baadhi ya koo zilizotawala kaskazini mwa Busoga hujinasibisha naye mpaka leo. Nawe wapita njia yake, ila kwa kinyume. Msafiri atokaye Kenya kwa Malaba na Tororo ana bahati, kwani yeye huanzia Mbale na kufuata hekaya upande ilikokwenda.

Mbale yenyewe imeegemea ukuta wa Wanale, mwamba mrefu ambao baada ya mvua huteremsha nyuzi nyeupe za maji, nazo huonekana ukiwa umesimama sokoni. Wagisu, ambao wenyewe hujiita Bamasaba, husema kwamba baba yao Masaba alitoka katika pango la mlima, na mlima nao wakauita kwa jina lake kabla ya wageni kuuita Elgon. Husimulia pia kwamba alimpenda Nabarwa, binti wa watu wa jamii ya Kikalenjini, naye binti akakataa kuolewa mpaka mwanamume akubali kutahiriwa kwa desturi ya kwao. Kwa hiyo kila mwaka ulio shufwa, kama 2024 na 2026, kuanzia Agosti hufanywa imbalu, na ufunguzi wake huwa katika uwanja wa Mutoto karibu na mji. Vijana hupakwa unga na matope, ngoma za kadodi hutangulia, na barabara hujaa watu hata magari yakakoma.

Hapa nina neno kali kidogo. Imbalu haiwekwi kwa ajili ya mtalii. Kijana yule anasimama mbele ya ukoo wake bila kupepesa jicho, na anayemsukumizia kamera usoni angefukuzwa katika arusi yoyote ya pwani. Omba ruhusa, vaa nguo za heshima, simama pale utakapoambiwa usimame. Ukijua kusema “Mulembe”, ambayo ni salamu yao, milango itafunguka mingi kuliko ile ifunguliwayo na pochi. Nako Busoga salamu ni “Kodheyo”, na ukifika kwa Wateso ni “Yoga”. Kiswahili chako kitakusaidia Mbale kuliko Kampala, kwa kuwa mpaka wa Kenya u karibu. Msafiri Mwislamu hatapata taabu ya chakula wala msikiti, kwani mji huu ndio makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988.

Na mradi tumetaja chakula, ulizia malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlima, yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa na rangi ya hudhurungi, nayo huuzwa sokoni yamefungwa mafungu. Huchemshwa muda mrefu, yakatiwa magadi, kisha yakaungwa kwa karanga au ufuta. Ukionja mara ya kwanza utahisi moshi, ya pili utahisi msitu. Kile kinywaji cha povu cha Orlando kilibuniwa ili kifanane na hekaya. Malewa yalikuwa chakula cha watu wa Masaba mlimani kabla ya mtu yeyote kufikiri kuwauzia wageni.

Sipi, katika nchi ya Wasabiny karibu na Kapchorwa, sina haja ya kuisifu. Maporomoko ni matatu, refu lao lakaribia mita 100, na mwenyeji atakupitisha kwenye migomba na mibuni, pengine akakuketisha uani ukatwanga kahawa kwa kinu na kuikaanga katika chungu juu ya mafiga. Lala huko usiku mmoja, uchukue sweta. Kupanda mpaka kilele cha Wagagai, chenye mita 4,321, ni safari ya siku kadhaa, ina kiingilio cha mamlaka ya wanyamapori na haiendwi bila kiongozi. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni wengine, basi kitambulisho kisisahauliwe.

Wenye siku moja zaidi wasirudi Jinja bila kuona Nyero, kaskazini katika nchi ya Wateso, kiasi cha kilomita nane kutoka mji wa Kumi. Humo katika vibanda vya majabali mna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, mingine ikiwa miviringo iliyo mmoja ndani ya mwenzake, mingine kama mitumbwi, iliyochorwa na watu waliokaa hapo kabla ya Wateso kuja. Maana yake wataalamu wanaibishania. Wenyeji hawakungoja ubishi uishe: walipeleka sadaka zao hapo wakaomba mvua. Katika kibanda cha pili miviringo ni mingi hata jicho halijui lianzie wapi, na rangi imeingia ndani ya jiwe kana kwamba jiwe lilizaliwa nayo. Usiiguse, kwani jasho la mkono huiharibu. Enda asubuhi kabla majabali hayajashika moto, na upatane na mwenye bodaboda kwamba atakungoja, kwa maana magari ya Soroti yaendayo Mbale hupita Kumi kwenye barabara kuu, wala hayaingii Nyero.